Shirika la Misaada Linawajibika kwa Nani?

Kama uko jikoni na redio iko dirishani, karibu. Kama uko kwenye daladala na dereva amekubali kuacha muziki kidogo, mpe shukrani zangu. Na wewe uliyefunga duka sasa hivi, unahesabu chenji, hesabu taratibu huku ukisikiliza. Tuko pamoja.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya vibao. Ndiyo, vibao. Safiri barabara yoyote ya nchi hii, utaviona pembeni: bati lililopakwa rangi, miguu miwili ya bomba, juu nembo tatu au nne zimepangwa kama medali, halafu maandishi. Mradi wa Maji. Mradi wa Lishe Bora. Mradi wa Kuwawezesha Akina Mama. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: kwa hisani ya watu wa nchi fulani. Mara nyingine mradi wenyewe umekwisha siku nyingi, bomba limekauka, lakini kibao kipo. Kimepauka, mtu kaegesha baiskeli, mwingine kabandika juu yake tangazo la mganga.

Kibao kinakuambia nani katoa pesa. Hakikuambii wale watu wanaamini nini, kwa nini wamekuja kwako badala ya kwenda kwingine, na nani aliamua kwamba kijiji chako kinahitaji kisima kabla ya zahanati. Zaidi ya yote, hakikuambii jambo ambalo ndilo nataka tulifuate jioni hii: mambo yakiharibika, shirika lile linawajibika kwa nani? Lishike swali hilo, nitalirudia mpaka ulichoke. Linawajibika kwa nani?

Sasa, kuzungumza juu ya mashirika yote kwa mkupuo ni kuzungumza hewani. Tuchukue moja. Nimechagua Oxfam, kwa sababu lina umri mkubwa, limepita kwetu zaidi ya mara moja, na sifa zake pamoja na aibu zake zimeanikwa hadharani kiasi kwamba hatuhitaji kunong'ona.

Tuanze vitani. Mwaka 1941 majeshi ya Hitler na washirika wake yaliikalia Ugiriki. Uingereza nayo, ili kumbana adui, ikaziba bahari: meli za chakula zisipite. Hoja ya serikali ya London ilikuwa nyepesi kueleweka. Chakula kikiingia, Mjerumani atakila. Na kama raia wana njaa, wa kulaumiwa ni aliyeivamia nchi. Majira ya baridi yalipofika, watu wa Athens walikuwa wanakufa barabarani. Tarehe 5 Oktoba 1942, katika mji wa Oxford, watu wachache walikutana katika maktaba ya kale ya Kanisa la Mtakatifu Maria. Alikuwapo kasisi, Theodore Richard Milford. Alikuwapo Gilbert Murray, msomi wa Kigiriki cha kale. Walikuwapo Waquaker, watu wa dhehebu lisilokubali vita. Wakaunda kamati ya kusaidia wenye njaa, na jina refu la kamati hiyo ndilo lililofupishwa baadaye likawa Oxfam.

Msikilizaji, tazama vizuri walichokifanya. Kukusanya nguo na pesa ni jambo jema, lakini si hilo ninalokuonyesha. Hawa walikuwa raia wa nchi iliyo vitani, na madai yao yaliigusa serikali yao wenyewe: legezeni kizuizi, ruhusuni chakula kipite. Wakati mabomu yamekwisha kuanguka London, wao wanamsemea mtoto aliye upande wa adui. Imani iliyokuwa nyuma ya hilo ilikuwa hii: mtoto mwenye njaa si adui wa mtu yeyote, hata kama anaishi chini ya bendera ya adui. Na imani hiyo iliwagharimu. Kusema maneno yale mwaka 1942 kulikuwa ni kujiweka hatarini kuitwa msaliti.

Kwa hiyo shirika hili lilizaliwa likibishana na wakubwa wake. Kumbuka hilo, maana tutakuja mahali ambapo liliacha kubishana.

Vita vikaisha. Kamati nyingi za namna hiyo zilivunjwa, kazi imekwisha, kila mtu kwao. Ya Oxford haikuvunjwa. Mfanyabiashara mmoja, Cecil Jackson-Cole, alikuwa na akili ya soko, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakafungua duka katika mtaa wa Broad Street. Watu wanaleta koti lisilotumika, sahani, vitabu, duka linauza, pesa zinakwenda kwa wenye shida. (Wapenzi wa mitumba wa Karume na Gikomba mtaliona hapo jambo mnalolijua, ingawa makoti yanayotufikia sisi ni hadithi nyingine, tena ndefu.) Duka lile lilifanya zaidi ya kuingiza pesa. Lilimfanya mama wa kawaida wa Kiingereza, aliyetoa gauni lake la zamani, ajione ana sehemu katika kazi. Akawa mwenye shirika, kwa namna fulani. Akiridhika, analeta gauni jingine. Asiporidhika, anapeleka kwingine.

Unaona swali letu linavyoanza kupata jibu? Linawajibika kwa nani? Kwanza kabisa, kwa mama wa gauni. Na hilo si baya. Ila mama yule yuko Oxford.

Miaka ya 1960 ilipoingia, mawazo yakabadilika. Nchi zetu zinapata uhuru, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linaanzisha kampeni ya kupambana na njaa duniani, na ndani ya Oxfam watu wanaulizana: tutagawa unga mpaka lini? Njaa ina mizizi. Basi tukasaidie kuing'oa: mbegu, maji, shule, ushirika. Wakampeleka Afrika mwakilishi wao wa kwanza, Jimmy Betts, kaka yake Barbara Castle, mwanasiasa maarufu wa chama cha Labour. Na hapa, msikilizaji, hadithi inaingia nyumbani. Inaingia Songea.

Tulia nami hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kiini.

Mwaka 1960, kabla hata bendera ya mkoloni haijashuka, vijana wachache wa TANU Youth League mkoani Ruvuma, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini mahali paitwapo Litowa kuanzisha kijiji cha kuishi na kulima pamoja. Jaribio la kwanza liliwashinda. Ukifungua shamba jipya porini, unakula nini mpaka mavuno? Wakarudi. Mwaka uliofuata wakajaribu tena, na safari hii wakakaa. Majirani wakaja kutazama, wakaona, wakaenda kuanzisha vya kwao. Kufikia mwisho wa muongo ule, vijiji vilikuwa kama 17, vimeungana katika chama chao wenyewe, Ruvuma Development Association, au kwa kifupi RDA.

Walikuwa na nini cha ajabu? Ukitazama kwa mbali, hakuna. Mashamba, kinu cha kusaga, mashine ya kupasua mbao, shule. Lakini sogea karibu. Kinu kile ni mali ya chama cha vijiji, na faida yake inaamuliwa na vijiji. Kazi ya kesho inapangwa na mkutano, na meneja aliyewekwa anaweza kuondolewa na haohao waliomweka. Shule ya Litowa inachukua watoto wa vijiji vyote; wanasoma, wanalima, wanakula walichokilima, na mwalimu naye ana jembe. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, wengi waliofuatilia mambo hayo waliona alama za Litowa ndani yake. Aliwajua na aliwasifia.

Kulikuwapo pia Mwingereza, Ralph Ibbott, mtu wa makadirio ya majenzi kwa fani yake. Aliwahi kuishi St. Faith's, Rhodesia ya wakati huo, kwenye shamba la misheni ambako weusi na weupe walifanya kazi pamoja bila kujali sheria za ubaguzi zilizowazunguka. Litowa alikuja na mkewe na watoto, wakakaa kijijini. Alikuwa mshauri. Ushauri aliutoa, uamuzi hakuushika. Sijui wewe, msikilizaji, umekutana na wataalamu wangapi wa namna hiyo. Mimi naweza kuwahesabu kwa vidole, na vingine vitabaki.

Mashirika ya Ulaya yaliyokuwa yanatafuta maendeleo ya kweli yaliipenda RDA, na Oxfam ilikuwa miongoni mwa walioichangia. Na kwa nini wasiipende? Kila walichokuwa wanakihubiri kilikuwa pale: watu wamejianzia wenyewe, wanajiamulia wenyewe, msaada unakuja nyuma yao wakiwa tayari wanatembea. Hebu fikiria jirani anayekuja kukusaidia kulima. Mmoja anakuuliza, leo tunaanzia wapi? Mwingine anakuja na jembe lake, mbegu yake, siku yake ya kupanda, na mpiga picha. Kule Litowa, msaada ulikuwa wa yule wa kwanza.

Halafu ikafika Septemba 1969. Kamati Kuu ya TANU ikakaa, na RDA ikapigwa marufuku. Mali zake zikachukuliwa na TANU. Polisi wakaenda. Wageni wakaondoka, walimu wa Litowa wakahamishwa huku na huku. Na hii ni miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, nchi nzima inaimba ujamaa. Vijiji vilivyokuwa vimeuishi ujamaa kabla haujatangazwa ndivyo vilivyovunjiwa chombo chao, tena kwa jina la ujamaa huohuo.

Kwa nini? Wakubwa wa chama, mkoani na juu yake, hawakupendezwa na wanakijiji wenye chombo chao, wenye kinu chao, wanaomwuliza ofisa maswali. Mtu aliyezoea kuamua pamoja na wenzake ni mgumu kuamrishwa. Huo ndio ukweli wake nionavyo mimi, na hauhitaji maneno ya kitaalamu.

Sasa turudi kwa Oxfam. Lile shirika lililobishana na serikali ya Churchill kwa ajili ya watoto wa Athens, lilifanya nini vijiji lilivyovipenda vilipovunjwa?

Lilinyamaza. Likaendelea kufanya kazi na serikali. Mwanahistoria Michael Jennings ameichunguza habari hii kwa undani, na picha anayoichora ni ya shirika lililokuwa limependa. Oxfam iliisikia serikali ya Tanzania ikizungumza juu ya wakulima, usawa, kujitegemea, na ikaona imempata pacha wake. Ukimpata pacha wako, unaacha kumkagua. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Operesheni zikaja, mamilioni wakahamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zimechomwa nyuma yao ili wasirudi. Wazee wetu mnakumbuka, na hamhitaji redio iwasimulie. Na misaada kwa vijiji ikaendelea kuja.

Msiniambie Oxfam walikuwa watu wabaya. Hawakuwa. Waliamini kweli. Walimwona Nyerere ni mtu mwaminifu, na alikuwa mwaminifu. Na kuna hoja nzito upande wao: mgeni kutoka nchi iliyokuwa inatutawala jana tu, akisimama leo kuikaripia serikali yetu, tungemwitaje? Tungemfukuza, na tungepiga makofi. Hiyo ni kweli.

Lakini uliza swali letu. Mwaka 1969, Oxfam iliwajibika kwa nani? Kwa mama wa gauni kule Oxford: yeye anapata picha ya kijiji chenye shule na bomba, anaridhika. Kwa serikali ya Dar es Salaam: nayo inapata mshirika asiyesumbua, inaridhika. Na mtu wa Litowa? Yeye hakuwa na duka la kupeleka gauni lake kwingine. Hakuwa na kibali cha kumnyima mtu. Alikuwa ndiye sababu ya kazi yote, na ndiye peke yake asiyekuwa na njia ya kusema: mmetuacha.

Hapo ndipo nataka uelewe, msikilizaji. Shirika linaweza kuwa na imani nzuri kabisa, imeandikwa ukutani, na bado imani hiyo isiwe na meno, kwa sababu anayeumia hana pa kuishikia.

Tupige hatua. Miaka 25 mbele, tuko Ngara. Mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja. Fikiria mji mzima wa watu unatokea kilimani asubuhi, hakuna choo, hakuna bomba. Kambi ya Benaco ikazaliwa hapo. Kazi ya maji ilikuwa ya Oxfam: pampu, mabomba, matangi makubwa ya mabati yanayofungwa kwa bolti na kuwekwa utando wa mpira ndani. Hiyo ni kazi wanayoijua sana. Baadaye walikuja na ndoo maalumu ya dharura, na kama umefanya kazi kambini Kigoma umeiona ndoo ya namna hiyo: ina mfuniko ulioshika, tundu dogo la kumiminia ili mtu asitumbukize kikombe kichafu, koki chini, na kitako kilichobonyezwa ndani kidogo ili ikae vizuri kichwani. Ndoo ile ina mawazo. Mtu aliyeitengeneza alijua maji hubebwa na nani na juu ya nini.

Lakini Benaco ilikuwa na jambo lisilotatuliwa kwa koki. Katika umati ule walikuwamo waliotoka kuua majirani zao katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Viongozi waliosimamia mauaji vijijini kwao walikuwa viongozi vilevile kambini, wanahesabu watu, wanasimamia mgao. Unampa nani maji? Unayapitisha mikononi mwa nani? Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, mwishoni mwa mwaka ule lilijiondoa katika makambi ya Zaire na ya Tanzania: hatutaki msaada wetu uwanoneshe wauaji. Oxfam ilibaki na mabomba yake.

Mimi ningebaki. Nasema waziwazi, na unaweza kunipinga. Dawa unaweza kusema ataileta mwingine. Maji yakikatwa asubuhi, mtoto anakunywa dimbwi mchana, na kipindupindu hakiulizi baba yake alifanya nini. Ni hoja ileile ya Athens. Ila wale wa MSF wana jambo walilolishika vizuri kuliko wengine: walikumbuka kwamba wanawajibika pia kwa waliouawa, ambao hawakuwa kambini kupanga foleni.

Na kuna kundi ambalo halikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote: wenyeji wa Ngara. Miti yao ilikatwa kuwa kuni, mashamba yao ya mihogo na migomba yakawa njia. Hawakuwa wakimbizi, kwa hiyo hawakuwa walengwa. Neno walengwa lenyewe mnalijua. Anayelenga ni mwingine.

Haya, sasa tufike mahali pagumu. Haiti. Januari 2010 tetemeko la ardhi liliangusha mji wa Port-au-Prince. Mashirika yakamiminika, Oxfam ikiwamo. Mwaka 2011 ikabainika ndani ya shirika kwamba baadhi ya wafanyakazi wake, akiwamo mkuu wao wa Haiti, walikuwa wanafanya ngono kwa malipo na wanawake wa mji ule uliobomoka. Uchunguzi wa ndani ukafanyika. Wanne wakafukuzwa, watatu wakaachwa wajiuzulu. Na umma ukaambiwa maneno machache, ya jumla, yasiyoeleza. Mpaka Februari 2018 gazeti la The Times la London lilipoyatoa yote.

Sikiliza kilichofuata, maana ndani yake mna somo zaidi kuliko katika kosa lenyewe. Siku kama kumi baadaye, mkuu wa Oxfam ya Uingereza aliwaambia wabunge kwamba watu wapatao 7,000 waliokuwa wanachangia kila mwezi wamesitisha. Serikali ya Uingereza ikasema hakuna maombi mapya ya fedha mpaka mambo yanyooshwe. Naibu mkuu akajiuzulu. Tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza ikachunguza, na ripoti yake ya mwaka 2019 ikalikaripia shirika kwa ukali. Haiti nayo ikaipiga marufuku Oxfam ya Uingereza.

Umeona? Mchangiaji alipoudhika, alikwenda benki, akasitisha, na ofisi ikatetemeka. Mbunge alipoudhika, aliita watu mbele ya kamati. Kila mmoja alikuwa na kamba ya kuvuta. Lakini wale wanawake wa Port-au-Prince, mwaka 2011, walivuta kamba gani? Wangemshtaki mkuu wa shirika kwa nani, wakati yeye ndiye mkuu? Ilichukua miaka saba na gazeti la nchi nyingine. Mama wa gauni alisikilizwa ndani ya siku kama kumi.

Baada ya hapo ziliwekwa kanuni, namba za simu za malalamiko, mafunzo kwa wafanyakazi. Sina nia ya kuzibeza. Namba ya simu ni kitu. Nawauliza tu waliokaa katika kambi au mradi wowote: hivi ukiipiga, anapokea nani? Na anaongea lugha yako?

Kuna jibu jingine ambalo lilikwisha kuanza kabla ya kashfa ile, nalo linatuhusu sisi huku. Makao makuu ya shirikisho zima, Oxfam International, yalihamishiwa Nairobi. Wakati huo mkuu wake alikuwa Winnie Byanyima, mama wa Kiganda, mhandisi wa ndege, aliyepata kuwa mbunge kwao. Mawazo nyuma ya kuhama yanaeleweka: shirika linalosema umaskini unatokana na kutokuwa na usemi, haliwezi kuendelea kuamua kila kitu kutoka Oxford.

Ni hatua nzuri. Lakini msikilizaji wa Nairobi, wewe unajua kilomita zilizopo kati ya ofisi ya mjini na mtu wa Turkana. Wakati mwingine Oxford iko karibu zaidi, kwa ndege. Anayeshika kalamu akiwa Mwafrika mwenzangu nitafurahi, na kweli nafurahi. Swali langu linabaki palepale: naye anawajibika kwa nani? Ripoti ya mradi inaandikwa kwa lugha gani, inasomwa na nani, na aliyesemewa ndani yake ataiona lini?

Nisiwaache na majonzi matupu. Kuna mambo yaliyowahi kufanyika kwa akili. Nenda Kwale, pwani ya Kenya, miaka ya 1980. Pampu za mkono zilizokuja huko mwanzo zilikuwa zikiharibika, mnasubiri fundi mwenye gari kutoka mjini, wiki, mwezi. Ikabuniwa pampu nyingine, Afridev, na sehemu kubwa ya majaribio yake ikafanyika hukohuko Kwale, huku shirika la Kenya liitwalo KWAHO likifanya kazi na kamati za wanawake. Matengenezo mengi ya pampu ile yanahitaji spana moja tu. Moja! Vipande vyepesi, unavuta juu bila winchi. Mama wa kamati anafungua, anabadilisha mpira uliolika, anafunga, maji yanatoka kabla ugali wa mchana haujaiva.

Kwa nini nakusimulia spana? Kwa sababu pale uwajibikaji ulihama mahali. Pampu ikigoma, anayeulizwa ni mama Fulani mwenye spana, na anayemwuliza ni jirani yake, kwa Kidigo, kisimani. Pesa za mipira mipya zinachangwa na kutunzwa na watumiaji. Zikiliwa, mlaji anajulikana na kwake kunajulikana. Hakuna aliyeandika hayo kwenye kibao.

Sasa wewe, hapo ulipo. Karibu kila kijiji kinachonisikiliza kina mradi wa mtu fulani, umekwisha, unaendelea au unakuja. Na kwa sheria zetu hapa Tanzania una mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuketi humo. Siku wageni wakija na mwenyekiti akawakaribisha, wakashangiliwa, ngoma ikapigwa, nyoosha mkono kwa heshima. Waulize: bajeti nzima ya mradi ni shilingi ngapi, pamoja na mishahara na mafuta ya magari? Si fungu la kijiji peke yake, nzima. Waulize nani alisema tunahitaji kisima, na alimwuliza nani. Waulize, tukiona mnakwenda mrama, sisi tunaweza kuusimamisha mradi huu, au tunaweza tu kulalamika? Halafu nyamaza, tazama nyuso.

Najua wapo watakaokuambia usiulize sana, utafukuza wafadhili. Mtendaji atakukonyeza ukae chini. Mimi nadhani mfadhili anayekimbia kwa sababu ya swali la bajeti alikuwa na safari yake tangu mwanzo. Na wapo wengine, tena si wachache, watakaofungua begi watoe karatasi na kukuonyesha. Hao wakaribishe, wapikie.

Ukishauliza, tuandikie ulijibiwaje. Ujumbe au barua, vyote vinafika, na nitavisoma hapahapa kwa sauti, pamoja na vya wafanyakazi wa mashirika wenyewe. Najua mnanisikiliza, na najua baadhi yenu mna hasira nami kuanzia dakika ya tano. Semeni. Wiki ijayo, Mungu akitujalia, saa hizihizi, tutazungumza juu ya posho za semina: nani hulipwa, kwa nini hulipwa, na kwa nini anayelima mchana kutwa ndiye haitwi. Usiku mwema.